Kadogo asizae, tafadhali

Wasee, leo stori si ya Kibera kwetu. Ni ya Kawangware, kwa mjomba wangu, mwenye mkokoteni mmoja wa maji na punda mmoja jike anayeitwa Kadogo. Huyo punda amelipa karo ya binamu zangu, na ukweli usemwe, alilipa pia semista yangu ya kwanza kabla niache chuo. Kwa hivyo nina deni hapa.

Sasa mjomba anataka Kadogo apandwe. Jirani ana dume na haitishi pesa. Hesabu ya mjomba naielewa. Kuanzia 2016 Kenya ilifungua vichinjio vya punda, ngozi zikawa zinaenda China, punda wakaisha na bei ikapanda. Serikali ikapiga marufuku 2020, korti ikarudisha mwaka uliofuata, na 2024 Umoja wa Afrika ukasema biashara ya ngozi isimame miaka 15. Mjomba anasema mtoto wa punda siku hizi ni akiba.

Sawa. Lakini mwangalie Kadogo mwenyewe. Ni mdogo hata kwa punda. Kwato za mbele zimepasuka, anachechemea akishuka mteremko. Mwaka jana tumbo lilimfunga karibu afe, na daktari wa mifugo akasema huenda ni karatasi za plastiki alizokula jalalani. (Ndiyo, zile zilizopigwa marufuku 2017. Bado ziko kwa tope.) Huyo daktari alisema pia kwamba jike mwenye nyonga nyembamba anaweza kukwama na mtoto akizaa. Na punda mwenye mimba akikosa kula siku chache tu, mafuta yanajaa kwa damu na anaweza kufa. Kadogo akiumwa, kitu cha kwanza anakataa ni chakula.

Halafu hiyo akiba tuipigie hesabu yote. Mimba ya punda ni kama miezi 12. Kunyonyesha, miezi 6 hivi. Mtoto mwenyewe asivute mkokoteni kabla mifupa ikomae, miaka 3 au 4. Huo wakati wote nani anavuta maji? Kadogo, na tumbo kubwa na kwato mbovu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, na sijahesabu mkokoteni. Akifia njiani, mjomba hana punda, hana mtoto wa punda, ana madeni tu.

Nilimwambia hivyo Jumapili. Akacheka. "Msomi aliyeacha chuo sasa ni daktari?" Akanirushia ile methali ya punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mjomba, heshima yako, lakini punda akifa mzigo utafikishwa na nani? Mgongo wako nao unauma.

Hii si huruma ya watu wa Karen wenye farasi wa kupanda wikendi. Farasi wao akiugua, anakula nyasi tu. Sisi Kadogo akilala siku mbili, jiko halijawashwa. Ndiyo maana nasema hiyo mimba ni kamari. Heri aweke kitu kidogo kwa chama kila wiki, siku moja anunue punda mzima. Itachukua muda, najua.

Na asifikiri ana muda wa kuamua. Dume la jirani halijahasiwa na wanalala kwa ua moja, wamefungwa kamba ya mtungi. Mjomba hajanijibu bado. Nimemnunulia kamba mpya, nampelekea kesho.