AHADI NI DENI, LAKINI FEDHA IKO WAPI?

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu, hasa wale walioajiriwa na serikali za kaunti, wanaosema hivi: "Kampuni yaweza kufilisika, lakini mji haufi. Kodi hulipwa kila mwaka, basi pensheni yangu iko salama." Maneno haya ni matamu kusikia, lakini si kweli. Mji hufilisika, na siku hiyo mzee aliyefagia barabara zake miaka thelathini husimama katika mstari mmoja na mabenki yanayoudai.

Tazameni Detroit, huko Marekani, mji uliojulikana ulimwenguni kote kwa kutengeneza motokaa. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Baadaye viwanda vikahama, na watu wenye mishahara mizuri wakahama pia. Ilipofika mwaka 2013 walibaki watu kama 700,000 tu. Barabara hazikupungua, mabomba ya maji hayakupungua, wala wazee wa kulipwa pensheni hawakupungua. Waliopungua ni walipa kodi. Kodi ya nyumba ilikuwa juu sana, lakini ile ya mwaka 2011 haikulipwa kwa karibu nusu ya viwanja. Ng'ombe aliyekonda, hata ukimkamua usiku na mchana, hatoi maziwa zaidi.

Basi mji ukakopa. Mwaka 2005 na 2006 ulikopa kama dola bilioni 1.4 ili kuzitia katika mifuko ya pensheni. Huko ni kuziba shimo kwa udongo uliochimbwa katika shimo jingine. Tarehe 18 Julai 2013 Detroit ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Madeni yake yalihesabiwa kuwa kama dola bilioni 18, na taa za barabarani kama nne katika kila kumi zilikuwa haziwaki.

Sasa sikilizeni vizuri. Katiba ya jimbo lao la Michigan, ya mwaka 1963, inasema kwamba pensheni ya mtumishi wa umma haiwezi kupunguzwa. Wafanyakazi waliishika katiba hiyo kama ngao. Lakini tarehe 3 Desemba 2013 Jaji Steven Rhodes aliamua kwamba sheria ya nchi nzima juu ya kufilisika ina nguvu zaidi, na pensheni yaweza kukatwa kama deni lingine lolote.

Mwisho wake ulikuwa huu. Watumishi wa kawaida waliostaafu walikatwa asilimia 4.5, na nyongeza yao ya kila mwaka ikaondolewa. Polisi na wazima moto hawakukatwa pensheni yenyewe, lakini nyongeza yao ilipunguzwa zaidi ya nusu. Msaada wa matibabu kwa wazee ulikatwa vibaya kuliko vyote. Mtu asiseme asilimia 4.5 ni kidogo. Pensheni isiyopanda hupungua kila mwaka, maana bei ya mkate haimngojei mzee. Tena wangekatwa zaidi, kama jimbo, wafadhili na jumba la sanaa la mji wasingekubali kutoa zaidi ya dola milioni 800 kwa miaka 20. Wazee wale waliponea kwa hisani. Mtu aliyefanya kazi hapaswi kuishi kwa hisani.

Wako wanaosema pensheni za wafanyakazi ndizo zilizoua mji ule. Hapana. Uliuawa na kuondoka kwa watu na kazi, na wakubwa waliokopa badala ya kusema kweli. Lakini nasi tusijifiche. Miaka ya neema, wasimamizi wa mifuko ile, na wawakilishi wa wafanyakazi wakiwamo, waligawa faida iliyozidi kama hundi ya kumi na tatu. Yusufu kule Misri hakufanya hivyo. Nafaka ya miaka saba ya shibe aliifungia ghalani, na njaa ilipokuja watu wakala.

Hapa kwetu hali ikoje? Kaunti hutoza kodi ya ardhi, na nyingine zilirithi madeni ya mabaraza yaliyokwisha mwaka 2013. Sheria inamtaka mwajiri apeleke makato ya pensheni katika siku 10 za kwanza za mwezi unaofuata. Hata hivyo, waajiri wengi wa umma, kaunti zikiwamo, wamedaiwa na mifuko ya pensheni fedha nyingi. Karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa, lakini mfuko haujapokea kitu. Nasi wa reli tunalo fundisho letu. Mfuko wa wazee wetu ulipoanzishwa mwaka 2006 ulipewa ardhi na majumba. Ni mali, ndiyo, lakini kiwanja hukipeleki dukani kununua unga.

Pensheni si zawadi. Ni mshahara wetu uliocheleweshwa. Kwa hiyo naomba kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aombe taarifa ya akiba yake, ailinganishe na karatasi zake za mshahara. Pili, katika kila mkutano mkuu wawakilishi wetu katika mfuko wasome hesabu kwa Kiswahili, watuambie fedha ni kiasi gani na mwajiri anadaiwa kiasi gani. Tatu, mwajiri akituambia tuache nyongeza ya leo kwa sababu atatupa pensheni nono kesho, tumwulize: fedha hiyo utaiweka lini, na wapi?

Na sisi wenyewe tulipe kodi za mji, kisha tuulize zimekwenda wapi. Asiyelipa hana mdomo wa kuuliza.

Ndugu zangu, garimoshi haliondoki stesheni kabla breki hazijajaribiwa. Hakuna dereva anayengoja kufika mteremkoni ndipo aulize kama zinashika. Wazee wa Detroit waliuliza wakiwa mteremkoni. Sisi tuko stesheni bado. Tuulize sasa, tuulize pamoja.

Umoja ni nguvu.

Fundi wa Reli