Majilio ndiyo haya, kijana: usingoje msururu wa mkesha

 

Shule zimefungwa na mitaa ya Riruta imejaa nyuso changa. Ukisimama pale Satellite saa kumi za jioni utawaona wenyewe: hawa wamevalia viatu vipya, wale wanangoja matatu ya kuelekea Dagoretti Corner, na wengine wameinamia simu utadhani wako katika sala. Kila mmoja ana mpango wake wa Desemba. Swali langu ni kwa wale walio Wakatoliki: katika mipango hiyo, kuungama kumepangiwa siku gani?

Aghalabu jibu ni, "Nitaenda kabla ya Krismasi." Naam, hapo ndipo penye kasoro. Majilio huwa na Jumapili nne, lakini si lazima yawe majuma manne kamili. Huanza Jumapili inayoangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, na kwa hivyo kuna mwaka, kama ule wa 2023, ambapo huwa siku 22 pekee. Ukizubaa kidogo unashtukia ni tarehe 24 jioni. Hapo utakuta msururu mrefu, padre amechoka, kwaya inafanya mazoezi ya mwisho na mamako anakuashiria kwa mkono ufanye haraka. Sisemi maungamo ya siku hiyo hayafai. La hasha! Yanafaa. Ila kijana mwenye mzigo mzito hawezi kuutua vyema kwa dakika mbili huku anasukumwa kutoka nyuma.

Nyinyi wa Riruta hasa hamna kisingizio. Parokia yenu ina jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na Jumapili ya pili ya Majilio, kila mwaka, Injili inayosomwa huwa inamhusu yeye: nabii wa jangwani, aliyevaa singa za ngamia na kuwaita watu watubu.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili hupitwa haraka mno katika mafundisho. Mtakatifu Luka anatueleza kwamba watu walipoguswa na mahubiri hayo walimwuliza Yohane wafanye nini. Hakuwaambia wakae wakilia. Wala hakuwaambia waache kazi zao. Mwenye kanzu mbili aliambiwa ampe asiye nayo. Watoza ushuru waliambiwa wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari nao waliambiwa wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Kila kundi lilipewa jibu lililohusu mfuko wake, kazi yake na jirani yake.

Je, wewe wa Kidato cha Tatu ungeambiwa nini?

Tuchukue mfano. Baba amekutumia shilingi 6,000 kwa simu ukalipe salio la karo. Ukaweka 1,000 kwenye kamari ya mpira ukitumai zitazaa. Zikaliwa. Ukaweka 2,000 ili kuzikomboa zile za kwanza, nazo zikafuata. Kufikia Jumapili jioni hakuna kilichobaki, na nyumbani ulisema karani wa shule hajatoa risiti. Tangu siku hiyo humtazami babako usoni, na kila simu yake ikiita moyo unaruka.

Ukienda kwa padre ukatubu kwa dhati, Mungu anakusamehe. Hilo halina mjadala. Lakini zile 6,000 bado hazijarudi, na baba bado anadanganywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 1459, inaeleza wazi kwamba aliyemdhuru jirani yake anapaswa kufanya awezalo kurekebisha madhara, kwa mfano kurudisha alichoiba au kumrejeshea mtu heshima aliyomvunjia. Kwa hivyo, kijana, ondoleo la dhambi si risiti ya deni. Utaanzia wapi? Mwambie baba ukweli, kisha umlipe kidogo kidogo kwa vibarua vya likizo hii, hata kama ni 200 kwa juma. Huenda akafoka. Acha afoke. Likizo ndefu ya Desemba ndiyo inayokupa nafasi ya kibarua hicho, nayo ni sababu nyingine ya kuungama mwanzoni mwa Majilio na si mwishoni.

Fedha, hata hivyo, ni afadhali. Lililo gumu zaidi ni jina la mtu. Wewe msichana uliyesambaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenzako alihama shule kwa sababu ya mimba, ilhali hukuwa na uhakika, utalirudishaje jina lake? Kuifuta ile habari kimyakimya hakutoshi. Waliousoma uvumi kutoka kwako yafaa wasikie kutoka kwako pia kwamba hukuwa na haki ya kuusema. Mimi naona kazi hii ni ngumu kushinda rozari kumi.

Najua pingamizi lako. "Padre ananijua. Mama yuko katika Jumuiya Ndogo Ndogo naye, itakuwaje siku nikikutana naye lango la kanisa?" Wasiwasi huo ni wa kweli na sitaucheka. Hata hivyo, elewa sheria ilivyo. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamkataza padre kabisa kumsaliti mwungamaji, kwa maneno au kwa njia nyingine yoyote na kwa sababu yoyote ile. Akiitoa siri hiyo waziwazi, hutengwa na Kanisa papo hapo. Haruhusiwi kumwambia mamako, mwalimu mkuu wala polisi. Na ikiwa bado unaona haya, hukufungwa na parokia yako: nenda kwa padre mwingine popote. Dhambi haina wadi wala kata.

Wengine hudai kuungama ni mambo ya watoto wa komunyo ya kwanza. Basi kumbuka Machi 28, 2014, Papa Francis, aliyefariki mwaka 2025, alipopiga magoti mbele ya padre katika Basilika ya Mtakatifu Petro, watu wote wakimwona, akaungama kabla ya kuanza kuwaungamisha wengine. Mwaka uliofuata alikuja kwetu. Novemba 27, 2015 asubuhi alikuwa Kangemi, si mbali na Riruta, kisha akakutana na vijana katika uwanja wa Kasarani, ambako alifananisha ufisadi na sukari: ni mtamu, ni rahisi, lakini mwishowe tunaugua. Kutoka hapa alikwenda Uganda, na Novemba 29, siku ambayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, alikuwa Bangui, mji uliojeruhiwa na vita, akafungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu. Jioni hiyo hiyo, kabla ya mkesha wa sala, aliketi akawaungamisha vijana kadhaa. Majilio yake yalianza hivyo, pamoja na vijana wa Afrika.

Kwenu wazazi nina machache. Msimwulize mtoto amemwambia padre nini, hata kwa utani. Msimhesabie muda aliokaa mle ndani, mkaanza kunong'onezana, "Huyu lazima ana kubwa." Vile vile, msimburute kwa nguvu, kwani maungamo ya kulazimishwa huwa ni orodha tu. Njia bora naijua moja: nendeni nyinyi kwanza, awaone mkiwa kwenye foleni.

Na kwako uliyekaa miaka mitatu bila kuungama ukasahau hata pa kuanzia: tenga nusu saa ya utulivu usiku wa Ijumaa, uipitie miaka hiyo nyumba kwa nyumba, yaani nyumbani, shuleni, mtaani na kwenye simu yako. Ukifika kwa padre, mwambie tu kwamba umesahau utaratibu, naye atakuongoza. Ungama kwa lugha inayokutoka moyoni, Kiswahili kinatosha. Parokia nyingi huungamisha Jumamosi, na majuma haya nyingine huongeza siku, kwa hivyo pitia ofisini uulize saa. Kama mnasafiri mashambani mapema kabla nauli hazijapanda, uliza juma hili.