Makato ya mfanyakazi si mkopo wa mwajiri



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo huku kwetu Maposeni linazungumzwa zaidi vilabuni kuliko maofisini, nalo ni tabia ya baadhi ya waajiri kuchelewesha michango ya wafanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii.

Mimi ni mtunza hesabu. Kwa miaka mingi nimeandika orodha za mishahara za waajiri wadogo wadogo, wenye mashine za kusaga, maduka na magari ya mizigo, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Na kabla sijamnyoshea mtu kidole niseme wazi kwamba hata mimi nimewahi kushiriki katika uchelewaji huo.

Sheria yenyewe haina fumbo. Mwajiri wa sekta binafsi hupeleka NSSF asilimia 20 ya mshahara wa mfanyakazi. Katika hiyo mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, na iliyobaki hutoka mfukoni mwa mwajiri. Mchango unatakiwa uwe umelipwa ndani ya mwezi mmoja tangu mwezi wa mshahara kwisha, yaani mchango wa Januari mwisho wake ni mwisho wa Februari. Anayechelewa hutozwa adhabu, na adhabu hiyo ni mzigo wa mwajiri. Haruhusiwi kumgeukia mfanyakazi na kumkata mara ya pili.

Wapo waajiri wanaolalamika kwamba muda huo ni mfupi. Mimi sikubali. Wenzetu wa Kenya hutakiwa kulipa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wa Uganda tarehe 15. Sisi tumepewa mwezi mzima, bado tunalia. Tena muda peke yake si dawa. Huko Marekani, kutokana na sheria yao ya mwaka 1974, mifuko ya mafao ya wafanyakazi hutoa ripoti ya mwaka kabla ya mwisho wa mwezi wa saba tangu mwaka wa mfuko kwisha, yaani 31 Julai kwa wanaofuata kalenda ya kawaida, na anayeomba huongezewa miezi miwili na nusu mpaka 15 Oktoba. Pamoja na miezi yote hiyo, imebidi wawekewe adhabu ya kuchelewa kama sisi.

Hata hivyo lazima niseme ukweli juu ya hali ya huku. Maposeni fedha huja na mahindi. Mvua zikianza, mwenye mashine hapati nafaka nyingi ya kusaga na mwenye gari halipati njia. Kuanzia Januari mpaka Aprili droo ya fedha hulia kama debe tupu, na huo ndio wakati wa ada za shule na mbolea. Halafu kuna kodi ya mishahara, ambayo TRA huitaka ifikapo tarehe 7. Mwajiri hujikamua akailipa kwa kuogopa kufungiwa mlango, kisha husema NSSF watasubiri mpaka mavuno. Kalenda ya mfuko haijui masika wala kiangazi, na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Mwaka mmoja mwajiri wangu aliniambia maneno hayo hayo, kwamba tutalipa yote mwezi wa saba mahindi yakiuzwa. Mimi nikanyamaza. Tulikuwa na wafanyakazi 8, kila mmoja mshahara wake 200,000/-. Kila mwezi mchango wa mtu mmoja ulikuwa 40,000/-, yaani 20,000/- alizokatwa na 20,000/- za mwajiri. Kwa wote 8 ni 320,000/-. Miezi mitano ilipopita deni lilikuwa 1,600,000/- kabla ya adhabu, na mahindi yalipouzwa yaliuzwa kwa bei ya chini. Lakini jambo lililoniuma si deni. Ni kwamba katika hati za mshahara, kwa mkono wangu mimi, kila mwezi niliandika kwamba mfanyakazi amekatwa 20,000/- za NSSF. Nusu ya fedha zile hazikuwa za mwajiri hata kidogo. Zilikuwa jasho la mlinzi na mpakiaji, nasi tukazinunulia dizeli.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mradi deni hulipwa mwishoni, hakuna aliyedhurika. Sivyo. Pensheni ya uzeeni humtaka mwanachama awe na michango ya miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Anayefika umri wa kustaafu bila kuitimiza hupewa malipo ya mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi. Namfahamu mama mmoja mpishi, aliyefanya kazi kwa mwajiri mwingine zaidi ya miaka 15. Alipotimiza miaka 60 akaenda kudai haki yake, akaambiwa kwamba iliyoonekana ni miezi 173. Mingine haikupelekwa, na mingine ilipelekwa kwa namba yenye tarakimu moja iliyokosewa. Bahati yake alikuwa ametunza hati zake zote za mshahara ndani ya kopo la biskuti. Alikwenda Songea mjini mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, nauli juu yake, mpaka miezi ile ikalipwa na kusahihishwa. Je, asiye na kopo afanye nini?

Kwa upande wangu nimebadili desturi. Siku hizi siandai mishahara kwanza halafu michango. Naandaa orodha ya michango kwanza, nalinganisha kila jina na namba ya uanachama, naomba namba ya kumbukumbu ya malipo siku mtandao ukiwa mzuri, bila kungoja siku ya mwisho wakati umeme umekatika na kila mtu anahangaika. Fedha ya mchango hutoka siku ile ile ya mshahara. Wakati wa mavuno mwajiri huweka kando benki kiasi cha kutosha michango ya miezi minne ya mvua. Alinung'unika sana mwanzoni, na bado hunung'unika, lakini adhabu hatulipi tena.

Ombi langu kwa NSSF ni kwamba tarehe ya mwisho ikipita bila mchango kufika, ujumbe wa simu umfikie mfanyakazi siku hiyo hiyo, isingojewe mpaka aulize mwenyewe. Wafanyakazi wengi hawaulizi kwa kuogopa kuonekana wachokozi. Na kwa waajiri, naomba kila sehemu ya kazi orodha ya michango ya mwezi pamoja na stakabadhi ya malipo ibandikwe ukutani mahali pa wazi.

Sisi tumeanza kubandika yetu kwenye mlango wa stoo. Mwezi wa kwanza mlinzi wetu alikuja mchana, siyo zamu yake, ameazima miwani ya mkewe. Akasoma jina lake, akatoa kadi mfukoni akalinganisha namba, tarakimu moja moja. Kisha akaniita akanionyesha kosa: 6 niliyokuwa nimeandika badala ya 8.

Mtunza Hesabu,
Maposeni, Songea.