Mpiga Gitaa Mbele ya Picha

Wako wajuzi wa muziki, na baadhi yao ni watu wa heshima ambao elimu yao siidharau, washikao kwamba kutunga muziki wa filamu ni kazi ya wasomi wa nota na okestra, na kwamba mpiga gitaa wa bendi ya roki akipewa kazi hiyo hupewa kwa ajili ya jina lake tu, ili umaarufu wake uuze tiketi. Kauli hii ina chembe ya ukweli, lakini hukumu inayojengwa juu yake ni dhuluma. Maadamu filamu kadhaa zilizo bora zimepata roho zao kwa mikono ya watu hawa, yatupasa kuuliza wamefaulu kwa njia gani kabla ya kuuliza walisoma wapi.

Tuitazame Paris, Texas, filamu ya Mjerumani Wim Wenders iliyotunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka 1984. Mwanzoni mtu mmoja, Travis, anatembea peke yake jangwani, kofia nyekundu kichwani na suti iliyochakaa mwilini, na muda mrefu utapita kabla hajatamka neno. Ry Cooder, mpiga gitaa wa Los Angeles ambaye alikuwa amekwisha kupiga katika santuri za Rolling Stones, hakumletea mtu huyu umati wa fidla wa kumlilia. Alimpa gitaa, kioo kikiteleza juu ya nyuzi, sauti ikapanda, ikatetemeka, ikashuka, kisha kikafuata kimya kirefu ambacho nacho ni sehemu ya utunzi. Asili ya sauti ile ni wimbo uliorekodiwa mwaka 1927 na Blind Willie Johnson, kipofu mwimbaji wa dini aliyekuwa mtu wa Texas hiyohiyo, ambaye katika wimbo huo hakutamka maneno bali aliguna na kuomboleza juu ya gitaa lake. Tena Cooder alisimulia kwamba sauti ya jangwa lenyewe, iliyonaswa na vinasa sauti vya Wenders, ilikuwa na mlio wake maalumu, naye na wenziwe wakazikaza nyuzi zao ziafikiane na mlio huo. Mtu aliyeisikiliza nchi kabla ya kuigusa ala yake, na aliyejua huzuni ya mahali pale iliwahi kuimbwa na nani, kwangu mimi ni mwanachuoni kamili.

Kadhalika mpiga gitaa Neil Young, alipoombwa na mwongozaji Jim Jarmusch muziki wa Dead Man, filamu ya mwaka 1995 isiyo na rangi, inayomfuata karani aliyejeruhiwa akiongozwa na mwenyeji wa asili wa Marekani kuelekea mauti yake, alizungukwa na skrini, filamu ikaonyeshwa, naye akapiga papo hapo kwa gitaa la umeme kile ambacho macho yake yalimwamuru. Yako makwaruzo katika muziki ule, na iko milio inayokatika ghafla. Lakini mauti yenyewe hayaji kwa mpangilio.

Wala wasidhani wapinzani kwamba watu hawa hawaziwezi okestra. Danny Elfman, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Oingo Boingo na aliyejifunza utunzi pasipo chuo, alitunga muziki wa Batman mwaka 1989, na wapo waliomshuku kwamba kazi haikuwa yake. Jonny Greenwood wa Radiohead naye, katika There Will Be Blood ya mwaka 2007, alizipandisha fidla zikiteleza kila moja kwa njia yake juu ya milima mitulivu, hata mtazamaji akahisi shari kabla mwigizaji yeyote hajazungumza. Taasisi ya Marekani itoayo tuzo za Oscar ilimzuia asishindane, kwa kuwa sehemu ya muziki huo ilitoka katika utunzi wake mwenyewe wa nyuma. Kanuni ina sababu yake, sikatai. Ila hapo ilimwadhibu mtu kwa kujitumia mwenyewe. Trent Reznor wa Nine Inch Nails na mwenziwe Atticus Ross waliipata tuzo hiyo mwaka 2011 kwa The Social Network, nami nilifurahi, ingawa furaha hiyo haikumrudishia Greenwood haki yake.

Hata Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, na wenziwe wa Queen, ambao makelele yao katika Flash Gordon yaliwafaa kwa sababu picha yenyewe ilikuwa ya makelele, waliipata hazina yao ya Highlander kwa kutazama kwanza: Brian May alionyeshwa sehemu ya filamu hiyo, na wimbo wa mume asiyekufa na mke anayezeeka ukaanza kumjia garini, akirejea nyumbani.

Mabaya yapo pale mwenye filamu anaponunua nyimbo zilizokwisha tungwa, akazibandika ili santuri iuzwe. Na aibu hiyo ni ya mnunuzi. Nawaomba basi wenye filamu wamwite mwanamuziki picha ingali mikononi mwa mhariri, wamwoneshe yote, wamwachie muda na uhuru wa kunyamaza; na watoao tuzo wausikilize muziki mpaka mwisho kabla hawajafungua kitabu cha kanuni.