Jina la mtoto kwenye hatimiliki? Tufikirie mara mbili

Wateja wetu wa Machakos wanatuuliza hivi: nikimaliza kulipia ploti, niandikishe hatimiliki kwa majina ya watoto?

Tunaelewa hofu yenyewe. Umelipia ploti yako ya Kathiani polepole kwa simu, mwezi baada ya mwezi. Unaogopa ukifariki leo, watu watagombania shamba kabla matanga hayajaisha. Jina la mtoto linaonekana kama ua la miiba kuzunguka boma. Maoni yetu ni kwamba ua hilo linaweza kukufungia nje wewe mwenyewe.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 47, inaruhusu jina la aliye chini ya miaka 18 kuingia kwenye rejista, lakini mlezi ndiye anamshikia ardhi hiyo. Mtoto hawezi kuiuza wala kuiweka rehani, na msajili akijua ni mtoto, anaiwekea kizuizi. Ni kama laini ya simu ya mtoto: anaitumia, lakini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi.

Sasa hebu fikiria miaka mitano ijayo. Mkubwa ameitwa shule ya sekondari, mwenzi wako amelazwa, na unataka kuuza nusu ya ploti au kuiweka dhamana sako ikukopeshe. Sahihi yako pekee haitoshi tena, kwa sababu wewe sasa ni mtunzaji tu. Huenda ukalazimika kwenda kortini kueleza kwamba mauzo hayo yanamfaidi mtoto. Mkopeshaji naye atasita. Na ukijaliwa mtoto wa tatu je? Jina lake halimo. Hapo umewapandia watoto wako kesi.

Tufanye nini basi? Tunashauri hatimiliki ibaki kwa jina lako, au lako na la mwenzi wako, halafu uandike wosia. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako na mashahidi wawili, na ni salama wasiwe warithi wako. Taja humo mlezi wa watoto na msimamizi wa mali.

Na hata usipoacha wosia, watoto wako hawatupwi. Sheria hiyo inawatambua wavulana na wasichana sawa. Palipo na mrithi mtoto, kwa kawaida lazima wawepo wasimamizi wasiopungua wawili, ili shemeji mmoja asishike kila kitu peke yake.

Kama ulishaandikisha majina yao, usijaribu njia ya mkato. Muone wakili kwanza.

Na upande wetu wa pesa: fanya upekuzi wa ardhi kabla ya kutuma hata shilingi, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ndilo la muuzaji aliye kwenye hatimiliki, na usifute jumbe za malipo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini wosia umewekwa wapi. Ukifichwa usijulikane, hautawasaidia watoto.