Staa Kaposti Pleya ya Santuri, Nawe Unakimbilia Kununua Mkono Kama Wake? Pima Kwanza!

Leo naomba tuongee kitu ambacho najua kuna watu watanuna, ila poa tu, ukweli lazima usemwe.

Wiki iliyopita staa mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni, kaposti picha sebuleni kwake. Pembeni kuna pleya ya santuri ya kizamani, ya mbao, ina mkono mrefuuu wa kung'aa. Laiki kama mvua. Nikashuka chini kusoma maoni, karibu kila mtu anauliza kitu kimoja: "Mkono huo bei gani? Unapatikana wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hivi utakubali kwenye pleya yangu?"

Msimamo wangu ni huu: kununua mkono wa pleya kwa kuangalia picha ya staa ni sawa na kununua kiatu kwa kupima mguu wa jirani. Na wala sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilishaingia mkenge huo, na kilichoharibika hakirudi.

Iko hivi. Babu aliacha Thorens TD 160, pleya za kuanzia 1972, aliyouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Aliacha na boksi la santuri ndogo za dansi, zile zilizotengenezwa Nairobi. Kuna nyimbo mle ndani nimetafuta mtandaoni mpaka nimechoka, hamna. Mkono wa ile pleya ulikuwa umelegea kwenye maungio. Mimi nikaona DJ mmoja maarufu anatumia mkono mwembamba wa kishua, nikauza simu yangu, nikaagiza unaofanana nao. Fundi mmoja akaniambia, "We lete, itakubali tu." Akaufunga kwenye tundu lilelile la mkono wa zamani.

Siku ya kwanza nikamwita bibi. Nikaweka wimbo waliochezea yeye na babu siku ya harusi yao. Sauti ikatoka inakwaruza, mwimbaji kama ana mafua, halafu kwenye kiitikio sindano ikaanza kurukaruka. Bibi akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, huyu anayeimba kapatwa na nini?" Nikajifanya santuri ina vumbi, nikarudia mara nne. Kumbe kila nikirudia naichimba.

Baadaye ndo nikakaa chini kusoma. Nikagundua nilikosea vitu vitatu, na ndivyo hivyo ambavyo watu hawaviulizi kwenye posti za mastaa.

Cha kwanza ni umbali. Kila mkono una kipimo chake kutoka pale unapozungukia mpaka kile kichuma cha katikati kinachoingia kwenye tundu la santuri. Kwenye pleya yangu ni kama milimita 215. Mkono niliounua ulitaka 222. Utasema milimita 7 ni kitu gani? Ni kitu sana. Sindano inakaa upande upande kwenye mfereji, na sauti inachafuka, hasa ikikaribia katikati ya santuri. Dawa yake ni kutoboa tundu jipya kwenye ubao mwingine, kama nafasi ipo. Na hiyo mikono mirefu ya inchi 12 anayoringia staa wetu? Kwenye TD 160 haiingii, boksi lenyewe ni dogo. Kuna pleya kama Garrard 301 ya Uingereza ambazo ziliuzwa bila mkono kabisa, mwenyewe unajijengea boksi la ukubwa unaotaka. Huko sawa. Kwako je?

Cha pili ni ndoa ya mkono na sindano. Kila katriji ina unyumbufu wake, yaani sindano inavyonepa. Ukiichanganya na uzito wa mkono inakuwa kama kitu kinachoning'inia kwenye springi, kina mtikisiko wake wa asili. Unatakiwa uwe kati ya hezi 8 na 12 hivi. Ukishuka sana, santuri iliyopinda kidogo tu inayumbisha mkono. Ukipanda sana, unaanza kusogelea besi za muziki wenyewe.

Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza. Chukua uzito tendaji wa mkono, jumlisha wa katriji, zidisha kwa unyumbufu, tafuta kipeuo cha pili, halafu gawa 159 kwa jibu hilo. Mfano: mkono wa Technics SL-1200MK2 ni gramu 12. Ortofon 2M Red ni gramu 7.2 na unyumbufu wake ni 20. Jumla gramu 19.2, mara 20 ni 384, kipeuo chake 19.6. Gawa 159 kwa 19.6, unapata kama 8.1. Inapita, ingawa kwa mbinde. Ila angalizo: katriji nyingi za Japani unyumbufu wake umepimwa kwa hezi 100, hivyo hiyo namba usiiingize kwenye hesabu kama ilivyo, itakudanganya.

Mimi nilifanya kinyume kabisa. Mkono mwepesi nikauoza kwa katriji ngumu inayotaka mkono mzito. Juu ya hapo nikaogopa kukandamiza, nikaweka gramu 1.5 wakati yenyewe inataka 2.5. Wengi tunadhani kuweka kidogo ndo kuitunza santuri. Wapi! Sindano ikikosa uzito inadundadunda mferejini, na kule kudunda ndo kunakokwangua.

Cha tatu ni pleya yenyewe. TD 160 imekaa juu ya springi. Ukifunga mkono mzito kuliko wa mwanzo, upande mmoja unalala mpaka urekebishe springi upya. Na kimo cha mkono nacho kipimwe, usije ukafunga halafu sindano haiwezi kulala vizuri.

Najua wapo watakaosema, "Hela ikiwepo nunua ya ghali, matatizo kwisha." Hapana aisee. Mkono wa SME ni wa heshima dunia nzima, lakini ukifungwa kwenye tundu lisilo lake unaimba vibaya kuliko wa bei chee uliopimwa. Halafu SME wenyewe waliacha kuuza mikono pekee yake mwishoni mwa 2019, kwa hiyo mingi unayoiona mtandaoni ni mitumba. Unalipa hela ndefu kwa kitu ambacho hujui kiliangushwa mara ngapi.

Kwa staa wetu: dada, hatukatai kupendeza. Ila una wafuasi wanaokopa ili wafanane na wewe. Ukiposti, andika tu mstari mmoja: pleya gani, mkono gani, katriji gani. Haikupunguzii ustaa.

Na wewe mdau, kabla hujatuma hela chukua rula. Uliza kwanza kama mkono wako wa zamani unatengenezeka. Wangu ulitengenezeka! Fundi mwingine, mzee mtulivu, alisafisha maungio na kubadilisha nyaya, na bei haikufika hata robo ya simu niliyouza.

Sasa hivi pleya inaimba vizuri. Ila ule wimbo wa harusi, ikifika kwenye kiitikio, bado unakwaruza palepale. Bibi huwa anaimba kwa sauti hapo, nadhani ili mimi nisisikie.

Wewe je, umeshawahi kununua kitu kwa sababu ya posti ya staa kikakutokea puani? Tupia maoni yako hapo chini, tusemezane.