Hospitali Haitayarishwi Siku ya Maafa

Lipo neno ambalo kila linapotajwa lori la Msamvu halikosi kusemwa, nalo ni "walijitakia". Nimelisikia vibarazani penye kahawa, nimelisikia ndani ya daladala, na kwa uchungu zaidi nimelisikia kwa walimu wenzangu wastaafu. Nakusudia kulipinga. Neno hilo linajifanya linawahukumu wafu, kumbe kazi yake hasa ni kutupumzisha sisi tulio hai tusiulizwe lolote.

Tukumbushane. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, hapa Morogoro mjini. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka. Hesabu za kwanza zilisema wamekufa watu wapatao 60, na wengi wakazikwa makaburi ya Kola. Lakini baadaye hesabu ikapita 100. Ndugu msomaji, itazame tofauti hiyo. Makumi ya watu walitoka motoni wakiwa hai, wakafikishwa hospitali ya mkoa wakiwa hai, na zaidi ya 40 wakapelekwa hadi Muhimbili, mwendo wa karibu kilometa 200. Hao ndio ninaowasemea. Hata kama walijitakia moto, ambalo silikubali, nani alijitakia safari ile?

Simlaumu daktari wala muuguzi wa siku ile. Najua pia kwamba aliyeungua karibu mwili mzima huweza kufa hata katika hospitali zilizo bora duniani. Nasema juu ya yule wa katikati, ambaye saa za mwanzo ndizo humwamulia.

Twende kwenye hesabu, maana mwalimu hastaafu kabisa. Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi ni kwamba mtu mzima aliyeungua vibaya apewe maji ya dripu kiasi cha mililita 4 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila asilimia moja ya mwili iliyoungua, katika saa 24 za kwanza; na nusu yake iingie ndani ya saa 8 tangu kuungua. Chukua kijana wa bodaboda mwenye kilo 60, aliyeungua nusu ya mwili. Zidisha: 4 mara 60 mara 50. Ni mililita 12,000, yaani lita 12, yaani chupa 24 za nusu lita. Wakija vijana 60 wa namna hiyo, ni chupa 1,440, na 720 kati yake zinatakiwa kabla ya alasiri kwisha. Chupa hizo haziagizwi asubuhi zikafika adhuhuri. Ama zimo stoo, ama hazimo.

Hapo ndipo anaponyanyuka mpinzani wangu wa pili, mwenye suti, na kuniambia kwamba serikali haiwezi kuweka akiba kwa ajili ya siku isiyojulikana. Isiyojulikana na nani? Sachangwan, Kenya, lori la mafuta liliua watu zaidi ya 100 mwaka 2009. Sange, mashariki ya Kongo, mwaka 2010, waliokufa walizidi 200. Na Msamvu ndipo njia panda ya Dodoma na ya Iringa, ambapo malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yote hupita. Treni mpya ya umeme imechukua abiria tangu 2024, lakini petroli ingali inapita mlangoni petu kwa malori. Barabara hii ilimwua hata Waziri Mkuu Edward Sokoine, pale Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984. Na wakazi wa Kilosa, waliofurikiwa na Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, nao tuwaambie maafa hayakujulikana?

Tena chupa ya dripu haina ubaguzi. Inayomfaa aliyeungua humfaa wa kipindupindu, na mama anayetokwa damu katika uzazi. Muuza duka wa Mgeta hufahamu kwamba mzigo wa zamani hutangulia kutoka na mpya hukaa nyuma. Kwa utaratibu huo akiba haiozi, na gharama kubwa huwa ya mara ya kwanza tu.

Damu nayo ni hivyo hivyo. Siku ya msiba watu hupanga foleni kutoa, nami nawaheshimu, lakini damu hiyo haina budi kupimwa kwanza. Anayeokoa ni yule aliyetoa juma lililopita bila kuona maiti yeyote. Mji huu una Sokoine, una Mzumbe jirani, una Kigurunyembe: maelfu ya vijana wenye afya. Mwanamume huweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. (Sisi tuliovuka 65 hatutakiwi tena, tumebakiwa na mdomo.)

Ninalotaka ni dogo. Langoni mwa hospitali pawekwe ubao, na kila Jumatatu uandikwe kwa chaki: chupa ngapi za dripu, chupa ngapi za damu, magari mangapi ya wagonjwa yenye mafuta. Diwani atakayekuja kuniomba kura, nitamwuliza habari za ubao huo kabla sijamwuliza ya barabara.